Unauza friji za mtumba? Muulize fundi swali hili kabla hujaposti

Wadau, hili limenila hela. Niliuza friji iliyobadilishwa kompresa, ikapanda gari kwenda Mgeta kwa mteja mwenye duka. Wiki mbili tu, haigandishi. Nikarudisha pesa yote, na nauli ya kuishusha Morogoro mjini juu yangu.

Kumbe shida ilikuwa ndani ya bomba. Shaba ikichomelewa kwa moto mkali huku ndani kuna hewa, oksijeni inatengeneza magamba meusi. Kwa nje kiungo kinang'aa, huoni kitu. Friji ikiwashwa, gesi na oili vinayabeba hadi kwenye kapilari, kale kabomba kembamba, kanaziba.

Dawa yake: fundi apitishe naitrojeni ndani ya bomba muda wote anapochomelea, mpaka lipoe. Ipite polepole na upande wa pili uwe wazi, la sivyo presha itatoboa kiungo. Oksijeni asiipitishe kamwe, ikikutana na oili inaweza kulipuka. Filta nayo iwe mpya.

Kwa hiyo muulize: "Fundi, mtungi wa naitrojeni unao?" Kama hana, tafuta mwingine. Gharama iweke kwenye bei ya friji.