Je, Wajua? Ukivuka Arobaini Ukiwa Bado Juu ya Pikipiki

Je, wajua kwamba Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, alinunua pikipiki yake aina ya Indian Scout mwaka 1920 na bado alikuwa akiichongea vipuri kwa mkono wake mwenyewe zaidi ya miaka 40 baadaye? Mwaka 1967, akiwa na miaka 68 na maradhi ya moyo, aliikimbiza kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, kwa kilomita 296 hivi kwa saa, akaweka rekodi ya daraja la injini zisizozidi cc 1,000. Lakini Munro alikimbia mchana kweupe, mstari umenyooka, hakuna daladala inayochomekea wala mtoto anayekatiza. Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, saa moja jioni ni habari nyingine.

Je, wajua mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote katika mashindano ya dunia ya pikipiki za barabarani za magurudumu mawili? Ni Mwingereza Arthur Wheeler, aliyeshinda daraja la cc 250 nchini Argentina mwaka 1962 akiwa na miaka 46. Valentino Rossi, bingwa wa dunia mara 9, alishinda mara ya mwisho mwaka 2017 akiwa na miaka 38, akaendelea kushindana hadi 42. Miaka hiyo ya mwisho alikuwa bado dereva hodari sana. Vipande vya sekunde tu ndivyo vilivyomkimbia.

Na kwako wewe unayebeba abiria kutoka kijiweni, nusu sekunde ina thamani gani? Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kushika breki, umesogea mita 8 zaidi: hapo umeshaingia chini ya lori. Wepesi wa kuitikia jambo la ghafla huanza kushuka taratibu tangu ujana, na uchovu huushusha zaidi. Dawa yake ni nafasi. Aliyevuka arobaini aliachie gari lililo mbele yake umbali mkubwa kuliko aliokuwa akiuacha ujanani.

Je, wajua kwamba kiungo cha kwanza kukusaliti si goti, ni jicho? Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho huwa ngumu na kupoteza wepesi wa kubadili umbali. Ukitazama mshale wa spidi kisha ukainua macho, barabara hukawia kidogo kukaa sawa. Pia mboni haitanuki gizani kama zamani, na lenzi yenyewe huzuia mwanga. Inakadiriwa kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea theluthi moja tu ya mwanga unaofika nyuma ya jicho la kijana wa miaka 20. Halafu gari linakuja na taa kali. Kijana hupofuka kwa muda mfupi akaendelea; mtu mzima hubaki na wingu jeupe kwa muda mrefu zaidi, na ndani ya wingu hilo kuna shimo, tuta au mwenye baiskeli isiyo na taa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Chukua helmeti yako, iinue uitazame taa kupitia kioo chake. Kama kimejaa mikwaruzo, kila mkwaruzo unatawanya mwanga wa gari linalokuja na kuzidisha mng'ao machoni. Kibadilishe. Kioo cheusi kivaliwe mchana tu. Na usiku usiende kwa mwendo ambao huwezi kusimama ndani ya eneo ambalo taa yako inamulika.

Je, wajua kwamba baada ya miaka 30 mwili hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10? Pikipiki ya cc 125 au 150 ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Utalijua hilo siku itakapoanza kulala upande kwenye kokoto, abiria akiwa bado amekaa. Kuipandisha kwenye stendi ya katikati kila asubuhi ni kipimo kizuri: ukianza kuomba msaada, fanya mazoezi ya miguu na mgongo.

Shingo nayo hukakamaa. Saitimira haziwezi kuifanyia kazi yote, geuza kichwa.

Je, wajua kwamba mtu mwenye kisukari anaweza kuikanyaga breki ya mguu asijue ameikanyaga kiasi gani? Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuua hisia za nyayo polepole. Kwa kuwa madereva wengi huiogopa breki ya mbele na kutegemea mguu peke yake, hatari ni mbili kwa wakati mmoja. Kumbuka kwamba ukifunga breki, uzito huhamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha chombo. Jifunze kuibana breki hiyo kwa upole.

Vidonge vya mafua na mzio vya aina ya klofeniramini, ambavyo wengi huviita piritoni, huleta usingizi, na kadiri umri unavyokwenda mwili huchelewa zaidi kuviondoa. Ukimeza usiku, asubuhi bado vinaweza kuwa kichwani.

Je, wajua kwamba ajali ileile humuumiza mtu mzima zaidi? Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba waendesha pikipiki wenye miaka 60 na zaidi walikuwa na uwezekano wa kulazwa hospitali kwa majeraha karibu mara tatu ya wale wa miaka ya 20 na 30. Wenye miaka 40 hadi 59 walikaribia mara mbili. Mifupa huwa imepungua nguvu, hasa kwa wanawake baada ya hedhi kukoma.

Helmeti yenyewe ina deni kwa mtu wa miaka 46. T. E. Lawrence, ofisa wa Uingereza aliyepigana upande wa Waarabu katika Vita Kuu ya Kwanza, alianguka na pikipiki mwaka 1935 akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, bila kofia kichwani. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia, alikwenda kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyolisukuma jeshi la Uingereza kulazimisha helmeti.

Na mwisho, je, wajua kwamba presha ya macho hula uwezo wa kuona pembeni bila maumivu yoyote, na huwapata watu weusi mapema na zaidi kuliko wengine? Kilichopotea hakirudi, ila matone hukilinda kilichobaki. Kama umevuka 40 na bado unashika usukani wa pikipiki, nenda kliniki ya macho mwezi huu, na umchukue mwenzako mmoja wa kijiweni muende pamoja.