Kiti cha Kushoto Kikiwa Kitupu

Saa moja kasoro asubuhi, barabara ya kutoka Mwanga kushuka Kigoma mjini si mahali pa kujaribia gari. Bodaboda zimepakia wanafunzi wawili wawili, kina mama wanavuka na mabeseni ya dagaa kichwani, daladala za Ujiji zinasimama popote abiria anaponyoosha mkono. Mteremko unakushusha hadi stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani, ziwa likiwa mbele yako.

Hapo ndipo nilipomwona jirani yangu, yuko peke yake garini, anawahi kazini. Kibao cha L kimebandikwa vizuri kabisa nyuma. Jioni nikamuuliza.

"Kaka, si nina lena?"

Lena anayo. Ila lena ni ruhusa ya kujifunza, tena ya miezi 3 tu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka anayejifunza awe na dereva mwenye leseni pembeni yake. Leseni yenyewe ataipata TRA, baada ya mafunzo na kufaulu majaribio mbele ya trafiki. Kuwahi kazini hakubadilishi lolote hapo, na akigonga mtu, bima inaweza kumkana.

Wengi humchukulia huyo wa pembeni kama shahidi wa kumwonyesha trafiki. Mimi naona kazi yake iko mkononi. Katika magari mengi breki ya mkono iko katikati ya viti viwili, na aliyekaa kushoto anaifikia upesi. Jirani yangu alinieleza mwenyewe kwamba akianza kushuka huweka frii ili aokoe mafuta. Gari likiwa frii, injini haishikilii tena. Mzigo wote unabebwa na breki za mguu, nazo zikishapata moto hulegea. Mgeni wa usukani hayajui hayo. Anayajua mtu wa kushoto, na kile kiti kilikuwa kitupu.

Kwa vijana wa bodaboda hali inanitisha zaidi, maana pikipiki haina kiti cha mwalimu. Leo jioni kijana anazunguka kiwanja cha mpira, kesho amembeba mtoto wa mtu.

Jirani sasa anaondoka saa kumi na mbili na nusu pamoja na shemeji yake, dereva wa siku nyingi. Wakifika mjini, shemeji anapanda daladala kurudi Mwanga. Jioni akichelewa kuja, gari linalala kazini.