Kukusanya Yaliyotawanyika Katika Diski

Kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini miaka sita au saba, au iliyofanya kazi ng'ambo kwanza kisha ikaletwa kwetu kuuzwa kwa bei nafuu, aghalabu huhukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Ikichelewa kuwaka, au ikikaa kimya muda mrefu baada ya mtu kufungua waraka, husemwa kwamba imezeeka. Mwenye uwezo huanza kutafuta nyingine, na asiye na uwezo huendelea kuvumilia. Hukumu hiyo si ya haki kila mara, kwa kuwa huenda mwenye kosa akawa ni ghala ya kumbukumbu peke yake, na kosa lenyewe likawa si uchakavu bali ni mtawanyiko wa vilivyohifadhiwa ndani yake, maradhi ambayo dawa yake imo humo humo katika kompyuta wala haigharimu hata senti moja.

Ghala hiyo ni diski ngumu. Ndani ya kasha la chuma lisilozidi upana wa kiganja mna kisahani kimoja au zaidi, kilichopakwa utando wa sumaku, ambacho huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake hupita mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea na kuandikia, kikielea bila ya kugusa, kwa mwanya mwembamba mara nyingi kuliko unene wa unywele. Asili yake ni ile diski ya kampuni ya IBM iliyotangazwa mwaka 1956 pamoja na mashine iitwayo RAMAC, iliyokuwa na visahani 50 vya kipenyo cha inchi 24, na ambayo kwa ukubwa wote huo ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Umbo limepungua na nafasi imeongezeka kupita kiasi, lakini kanuni ya kisahani kinachozunguka na mkono unaokwenda na kurudi haikubadilika, na humo ndimo ilimo taabu tunayoizungumzia.

Mfumo wa kupanga mafaili utumiwao na Windows, uitwao NTFS, huigawa diski kwa vijumba vidogo, kwa kawaida kila kimoja chenye baiti 4,096, na huweka fahirisi inayoonyesha faili gani limo katika vijumba vipi. Diski ikiwa mpya, faili huandikwa kwa mfululizo, kijumba baada ya kijumba. Lakini watu hufuta picha, huondoa programu, hupunguza na kuongeza nyaraka, na kila kilichofutwa huacha pengo. Hata likija faili kubwa, na lisipatikane pengo moja la kulitosha, hukatwa vipande na kila kipande hutiwa palipo na nafasi. Ndivyo ambavyo karani mwenye daftari lililokwisha kujaa angeiandika taarifa ndefu, nusu katika sahifa ya 12, robo katika ya 80, na mabaki yake katika pambizo za ya 143: taarifa haikupotea hata neno, ila atakayeisoma atafunua kurasa mpaka achoke. Mafaili yanayokua kidogo kidogo kila siku, kama vile hifadhi ya barua pepe au hesabu za duka, ndiyo huumia zaidi, maana kila nyongeza yaweza kuangukia mahala pengine.

Hasara yake hupimika kwa hesabu nyepesi. Kisahani kizungukacho mara 7,200 kwa dakika hutimiza mizunguko 120 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua milisekunde 8 na kidogo, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa wastani kichwa hungojea nusu ya mzunguko, milisekunde 4, mpaka kijumba kinachotakiwa kifike chini yake, na kabla ya hapo mkono umekwisha kutumia takriban milisekunde 9 kuhamia mahala penyewe; jumla 13. Faili la megabaiti 100 lililopangwa kwa mfululizo, katika diski isomayo megabaiti 100 kwa sekunde, husomwa kwa sekunde moja. Faili hilo hilo likiwa limekatwa vipande 1,000 vilivyotapakaa, mkono utaruka mara 1,000, na ile sekunde moja itakuwa sekunde 14. Hapana kilichoharibika, na hapana fundi atakayekuta kifaa kibovu. Mwenye kompyuta amengoja tu.

Dawa ya kuunganisha vipande ni ya zamani. Mfumo wa uendeshaji wa MS-DOS 6 wa mwaka 1993 ulikuja na programu iitwayo DEFRAG, na waliotumia Windows 95 wanakumbuka vile viraba vya rangi vilivyokuwa vikihama katika kioo kwa saa nzima au zaidi, kila kiraba kikiwakilisha sehemu ya diski. Tangu Windows Vista kazi hii imepangiwa kufanyika yenyewe kila juma, nyakati ambazo mtumiaji hayupo. Mpango huo ni mzuri kwa mashine inayoachwa ikiwaka. Lakini kompyuta ya shule au ya ofisi ndogo, ambayo huzimwa mara kazi ikwishapo, yamkini ikapitwa na zamu yake mara nyingi, na hiyo ndiyo impasayo mwenyewe kuishughulikia kwa mkono wake.

Andika neno defrag katika kisanduku cha kutafutia cha Windows, ufungue programu itakayojitokeza. Katika Windows 8 na zilizofuata utaona orodha ya diski zako, na mbele ya kila moja aina yake. Isome aina hiyo kabla ya kubonyeza chochote. Ikiwa ni Hard disk drive, bonyeza Analyze, ungoje asilimia ya mtawanyiko ionekane. Ikizidi 10, bonyeza Optimize uiache mashine ifanye kazi yake, ikiwezekana usiku, na kama ni kompyuta ya mapajani iwe imechomekwa katika umeme. Programu huhitaji uwanja wa kuhamishia vipande, basi diski iwe na nafasi tupu kiasi cha asilimia 15. Iliyojaa hadi ukingoni ipunguzwe kwanza, kwa sababu bila ya uwanja huo kazi haitatimia.

Ikiwa aina iliyoandikwa ni Solid state drive, jambo ni jingine kabisa. SSD haina kisahani wala mkono, na kukifikia kijumba cha mbali hakuichukui muda zaidi ya kukifikia cha jirani, hivyo mtawanyiko hauipunguzii kasi kwa kiasi cha kumshughulisha mtumiaji. Fauka ya hayo, chembe zake za kuhifadhia zina kikomo cha kuandikwa, na kuhamisha vipande ni kuandika upya maelfu ya vijumba bila ya faida. Windows za siku hizi huitambua, na kwa kawaida badala ya kuunganisha vipande huiarifu ni vijumba vipi havihitajiwi tena. Nasikitika kuona bado wako wanaopakua programu za kigeni ili kuilazimisha SSD dawa isiyokuwa yake. Humaliza umri wa chombo cha thamani kwa imani ya kukihudumia.

Wala mtu asitazamie kwamba kuunganisha vipande kutaponya kila uzito. Kompyuta yenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ndogo, iliyofunguliwa programu nyingi kwa pamoja itaendelea kusuasua, na iliyoingiwa na virusi itaendelea kuugua. Lakini hadhari kubwa kuliko zote ni ya sauti: diski inayogongagonga au kukwaruza ndani ya kasha lake imekaribia kufa, na kuitembeza kutwa nzima ikihamisha vipande ni kuiharakishia mwisho. Ukiisikia sauti hiyo, usibonyeze Optimize. Nakili nyaraka zako mahala pengine siku hiyo hiyo, kisha uitafutie kompyuta yako diski nyingine.