Kitabu kimoja kwa L1 nzima: kazi za wanafunzi, na juu ya nini zilipwe



Tangu nilipotaja "usomaji wa pamoja" kwenye kundi letu, maswali yamekuwa mengi. Mmoja alidhani ni mambo ya kanisa, mwingine akauliza kama kuko pesa ndani. Nitaeleza kitu chenyewe ni nini, kinaendeshwa namna gani, na hasa sehemu inayotuhusu: kazi ambazo wanafunzi wanaweza kuzifanya humo.

Maana yake ni nyepesi. Chuo kinachagua kitabu kimoja. Kila anayeingia mwaka wa kwanza anakisoma, awe wa agronomia, wa sheria ao wa ualimu. Kisha wanakutana kwa vikundi vidogo na kukizungumzia. Hakuna mtihani, hakuna pointi. Lengo ni mawili: watu waliotoka shule mbalimbali wapate jambo moja la kuongea, na kila mmoja azoee kumaliza kitabu toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Mfumo huu umeenea sana Marekani. Mwaka 1998 maktaba ya jiji la Seattle iliwaalika wakaaji wa jiji kusoma riwaya moja kwa wakati mmoja. Chuo Kikuu cha Cornell kilianza na wanafunzi wapya mwaka 2001, na mwaka 2005 kikachagua Things Fall Apart ya Mnigeria Chinua Achebe. Karibu na sisi, wanafunzi wa sekondari Kenya husoma vitabu teule: nchi nzima inasoma riwaya ileile ya Kiswahili, kama ilivyokuwa miaka iliyopita kwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Tofauti ni kwamba wao wanaisomea mtihani.

Sasa, hiyo inatuhusu nini sisi wa Kasongo na Kabambare?

Mtoto anatoka kijiji cha Kabambare na diploma ya serikali mkononi. Amesoma miaka yote kwa kunakili ubaoni. Akifika L1 anapewa sillabusi za Kifaransa, anazikariri usiku kucha, na siku ya mtihani swali likigeuzwa kidogo tu, amepotea. Mfumo wa LMD, uliowaingia wa mwaka wa kwanza kuanzia 2021-2022, unahesabu ndani ya krediti saa za mwanafunzi kujisomea mwenyewe. Lakini nani alimfundisha kujisomea? Nimeona wadogo wenye akili nzuri wakishindwa sesio ya kwanza, wakatazama pesa ya minervali iliyobaki, wakakata njia ya machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Wengi hawarudi. Kwa hiyo tunapoongea juu ya kitabu, tunaongea pia juu ya nani atabaki chuoni.

Kazi zenyewe ni hizi.

Ya kwanza ni kiongozi wa kikundi. Huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili ao wa tatu. Anasoma sura kabla ya wengine, anakuja na maswali matatu ao mane, kisha anawaachia watu waongee. Hafundishi. Mwenye kunyamaza anamwita kwa upole, mwenye kuongea mno anamtuliza. Neno la Kifaransa likiwakwama, wanalitafutia Kiswahili chake pamoja.

Ya pili ni mtunza nakala. Vitabu vyetu ni vichache, basi lazima kuwe daftari: nani amechukua, lini anarudisha, nani anafuata. Bila mtu huyu, katika mwezi mmoja nusu ya nakala zimelala chini ya mito ya watu.

Ya tatu ni mwandaaji wa maswali na msamiati. Anaandika karatasi moja kwa kila sura: majina, mahali, maneno magumu. Kazi hii inamfaa sana mwanafunzi wa ualimu.

Ya nne ni mpangaji. Anatafuta chumba, anawajulisha mashefu wa promosyo, anatangaza saa kwa WhatsApp na kwa karatasi ukutani, maana si wote wenye simu ya intaneti.

Sisi wa agronomia tunayo picha ya kutusaidia kuelewa kiongozi wa kikundi. Ni shamba darasa. Lilianza Indonesia mwaka 1989, kwenye mpunga, kwa msaada wa FAO. Wakulima wanakutana kila juma kwenye shamba moja, wanatazama majani, wanahesabu wadudu, wanabishana, wanaamua. Mwezeshaji hawaambii "pulizeni dawa". Anauliza: "Mmeona nini?" Kitabu ni shamba lile. Wote wanatazama ukurasa mmoja, na swali ni lilelile.

Sasa malipo. Marekani kuko sheria ya tangu 1964 inayosaidia wanafunzi wenye uhitaji kufanya kazi wakiwa masomoni. Kwa kawaida serikali kuu inaweza kubeba mpaka asilimia 75 ya mshahara, na mwajiri, mara nyingi chuo chenyewe, anaongeza kinachobaki. Sisi hatuna mfuko wa namna hiyo. Lakini chuo kinaweza kupunguza minervali ya mwenye kufanya kazi, na kwa hiyo hakuna mtu anayehesabu noti mezani.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme L1 ina wanafunzi 120. Kikundi kikiwa na watu 12, ni vikundi 10, viongozi 10. Majuma 6, kila juma saa 2 za kikundi na saa 2 za kujitayarisha: saa 24 kwa kila kiongozi, saa 240 kwa wote. Nakala moja ikizunguka kwa watu wanne, nakala 30 zinatosha. Hiyo si mradi wa kungojea wazungu.

Juu ya nini walipwe, si wajitolee tu? Kwa sababu kazi ya bure huchukuliwa na mwenye kushiba. Mwanafunzi anayeendesha pikipiki ya abiria jioni hawezi kuacha mapato yake. Na yeye ndiye angekuwa kiongozi mzuri, maana anajua uchovu wa wale wa L1.

Lakini tuweke mipaka mapema. Kiongozi asipewe pointi za kugawa. Akipewa, kesho tutasikia pointi zinauzwa. Wasichana wawe nusu ya viongozi, na vikundi vikutane mchana. Malipo yaandikwe na tarehe yake.

Uchaguzi wa kitabu nao unaweza kuleta kelele. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill, kilichagua kitabu cha Michael Sells juu ya Kurani. Watu wakakishtaki, mahakama haikuzuia programu, na asiyetaka kusoma aliruhusiwa kuandika sababu zake. Mwaka 2009 Wisconsin-Madison ikachagua kitabu cha Michael Pollan kuhusu chakula, wakulima wakaona kinawasema vibaya. Wakaja kwa mabasi kumsikiliza mwandishi, wamevaa fulana za kutetea kilimo. Mimi naona hiyo ni faida: kitabu kiliwatoa wakulima shambani kuja kubishana chuoni. Kasongo, mji wa Waislamu na Wakristo, tunajua kuishi pamoja. Tunaweza pia kubishana pamoja.

Pendekezo langu kwa mwaka wa kwanza ni maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na kutolewa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Mwandishi alikufa 1905, basi kuchapa nakala hakuna tatizo la haki. Kasongo yetu imo ndani. Na maswali hayakosi: mfanyabiashara wa pembe na watumwa anajisifu nini, na wale aliowachukua wako wapi katika hadithi yake? Baadaye twende kwenye kitabu cha Kifaransa, watu wakiwa wamekwisha kupata nguvu.

Ninaomba vitu viwili. Wanamemba, kila mmoja aandike hapa chini kama anaweza kugharamia nakala moja. Wadogo wa mwaka wa pili na wa tatu, andikeni majina yenu na kazi mnayoitaka kati ya zile nne. Orodha ikifika viongozi kumi, tutaipeleka kwa wakubwa wa chuo pamoja na hesabu hii.