Korosho, mashine na mkono unaonyooshwa

Msafiri wa mbali huijua Lupaso, kusini mwa Tanzania, kwa kaburi la Rais Benjamin Mkapa, aliyezikwa hapo kijijini kwao Julai 2020. Ila ikifika Oktoba, hapo Lupaso, Masasi mjini na Newala kule juu kwenye uwanda wa Makonde, gumzo huwa moja: mnada wa korosho umetoka na bei gani?

Mkulima hupeleka magunia chama cha msingi, yakapimwa na kupelekwa ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007. Wanunuzi hushindanisha bei, bei zikasomwa, kisha wakulima wenyewe wakaulizwa: tuuze au tusiuze? Mikono hunyooshwa. Sijui uamuzi wa biashara ulio mzito kuliko huo kusini, nao hutolewa kwa dakika chache na watu wanaosubiriwa na ada za shule za Januari.

Wamewahi kukataa. Mwaka 2018 bei zilipokuwa chini waligoma, hadi serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba. Oktoba 2024, katika mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika kinachohudumia Newala, bei ya juu ilifika shilingi 4,120 kwa kilo. Kati ya misimu hiyo miwili kuna nyumba zilizoezekwa na nyumba zilizobaki msingi.

Mnunuzi huja mnadani akijua bei za Vietnam na India, nauli za meli na hali ya mavuno Afrika Magharibi, na kompyuta inaweza kumchambulia yote hayo usiku mmoja. Mkulima huja na bei ya wiki iliyopita. Pengo hilo ndilo linaloniuma. Tangu msimu wa 2024 minada inapitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa, TMX, kwa hiyo kumbukumbu za bei zipo. Akili mnemba ingepaswa kuzisoma kwa niaba ya wenye magunia pia.

Kwenye muhogo imeshawafikia wakulima. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, hutazama jani kwa kamera ya simu, hata pasipo intaneti, ikatambua magonjwa ya batobato au michirizi ya kahawia. Uamuzi wa kung'oa shina au kuliacha humwachia mwenye shamba.

Mikopo ya simu ndiyo inayonitia shaka. Huko mashine husoma miamala na kuamua yenyewe. Fedha ya korosho huingia miezi michache. Kisha laini ya simu hunyamaza, na kimya hicho ndicho kinachoweza kusomeka kama ufukara, wakati shamba linataka palizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki mbele ya uamuzi uliotolewa na mashine peke yake. Wangapi vijijini wameambiwa?

Mkapa aliongoza kwa kaulimbiu ya Uwazi na Ukweli. Natamani katibu wa chama asimame mnadani na kusoma kwa sauti: mashine inakadiria bei hii, kwa sababu hizi, na wiki jana ilikosea kwa shilingi kadhaa. Watu waulize mpaka watosheke. Kisha mikono inyooshwe.