Askari Aliyeishi Juu ya Jalada

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Akiba ya karatasi, hata hivyo, huoza upesi. Kwa nini basi mtu mzima atumie fedha na wakati wake kutafuta majarida ya kale ambayo mwuza karanga angeyafungia bidhaa zake?

Jibu moja limo katika majalada ya Saturday Evening Post, jarida la kila wiki lililokuwa likitolewa mjini Philadelphia, Marekani. Kabla picha za kamera hazijatawala majalada, jarida hilo liliwategemea wachoraji hodari. Aliyevuma zaidi ni Norman Rockwell, ambaye tangu mwaka 1916 alilichorea majalada zaidi ya 300.

Tarehe 4 Oktoba 1941, miezi miwili kabla Marekani haijaingia vitani, Rockwell alimchora askari kijana aitwaye Willie Gillis, amebeba kifurushi cha chakula kutoka nyumbani, huku wenzake wakimwandama kwa tamaa. Aliyewahi kupokea kifurushi kambini hahitaji kufafanuliwa picha hiyo.

Hadi mwaka 1946 Willie alikuwa ametolewa katika majalada 11, wala hakuonyeshwa hata mara moja akipigana. Wasomaji wengi walimdhania kuwa mtu halisi. Kijana aliyekuwa kielelezo cha mchoraji naye akaingia jeshini, ikambidi Rockwell atumie picha za kamera. Katika jalada la tarehe 1 Januari 1944, Willie mwenyewe hayupo. Zipo picha zake tu, zimetundikwa ukutani juu ya msichana aliyelala usiku wa mwaka mpya.

Jalada la mwisho, la tarehe 5 Oktoba 1946, linamwonyesha ameketi dirishani chuoni, akisoma. Sheria ya mwaka 1944 ilikuwa imewafungulia askari waliorejea milango ya vyuo kwa gharama ya serikali.

Hapo ndipo faida ya ukusanyaji inapodhihirika. Jalada moja ni picha; yote 11, yakipangwa kwa tarehe, ni safari ya askari kutoka kambini hadi darasani. Likikosekana moja, safari imekatika.

Maadui wa mkusanyaji ni wengi: jua lififishalo rangi, unyevu, mchwa, na asidi iliyomo katika karatasi yenyewe, ambayo huifanya iwe manjano na kuvunjika kama jani kavu. Jarida hulazwa bapa, mahali pakavu penye giza, ndani ya mfuko usio na asidi. Lililopasuka halibandikwi utepe wa gundi, wala jalada halikatwi likatiwe fremu, kwani jarida zima ndilo shahidi.

Ndugu askari, pengine sandukuni mwa mzee wako mstaafu mna jarida la kale lenye askari juu ya jalada lake. Kabla hujalitupa, lifungue. Huenda likakueleza jinsi waliobaki nyumbani walivyomngoja.