Gazeti Jipya la Tawi: Tulichagulie Sura Gani?



Tawi lisilo na karatasi yake ya habari hutegemea uvumi wa kantini na matangazo ya ofisi ya meneja. Kwa hiyo ni jambo la kufurahisha kuona matawi yakianza kutoa magazeti madogo ya wanachama. Lakini mara nyingi kamati inapokutana kwa kazi hiyo, swali la kwanza si "tuandike nini?" bali ni "liwe na sura gani?" Kijana anayejua kompyuta hufungua programu, na hapo hutokea violezo vingi vilivyokwisha kupangwa. Kimoja kina maua pembeni, kingine kina vivuli, kingine kina rangi saba. Kamati hubishana jioni nzima juu ya rangi, na habari za wafanyakazi bado hazijaandikwa.

Swali la sura si la kudharau. Sura mbaya inaweza kumnyima mfanyakazi haki yake. Nitaeleza kwanza jinsi nilivyolijua jambo hili, kisha namna ya kuchagua.

Kosa letu

Katika tawi moja nililolisimamia, kwenye kiwanda cha sukari, tulichagua kiolezo kilichopendeza mno. Kichwa cha gazeti kilikuwa na herufi za kujipinda kama za kadi ya harusi. Nyuma ya maneno tuliweka picha ya shamba la miwa, imefifishwa kidogo. Kwenye kioo cha kompyuta kila mjumbe aliisifu.

Tulipoipeleka kwenye duka la fotokopi, picha ilitoka nyeusi na kuyameza maneno yaliyokuwa juu yake. Kati ya maneno hayo lilikuwamo tangazo la siku ya mwisho ya kuhakiki majina ya wanaodai malimbikizo ya posho ya usiku. Wenzetu waliisoma karatasi ile chini ya taa ya getini, saa kumi na moja alfajiri, wakitoka zamu. Tarehe hawakuiona.

Mzee mmoja wa kwenye boila alinijia Jumatatu. Karatasi yetu ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameisoma yote, lakini daftari la majina lilikuwa limefungwa Ijumaa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, tarehe mliiandika wapi?" Tulihangaika miezi minne, ofisi hii na ile, mpaka jina lake likarudishwa.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwanza mjue msomaji

Kabla ya kutazama kiolezo chochote, kamati ijiulize: nani atasoma, wapi, na saa ngapi? Msomaji wetu anasoma akiwa amechoka. Anasoma getini, ndani ya lori, au nyumbani kwenye mwanga hafifu. Wengine macho yao yamepungua nguvu, na miwani ni ghali. Katika mashamba na viwanda vya Uganda tunafanya kazi na ndugu kutoka West Nile, Rwanda, Kongo na Kenya, na kwa wengi wetu Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi, na najua ukurasa uliosongamana unavyomfanya mtu aukunje na kuuweka kando.

Basi sura ichaguliwe kwa ajili ya huyo aliyechoka kuliko wote. Yeye akiweza kusoma, wote wataweza.

Herufi

Zamani uchaguzi ulikuwa mdogo. Karatasi za chama zilipigwa taipu juu ya stensili, kisha zikatolewa kwa mashine ya kurudufu. Mashine ya taipu ilikuwa na aina moja ya herufi. Karatasi zile hazikuwa na mapambo, lakini zikipigwa vizuri zilisomeka. Leo kompyuta inatupa aina za herufi kwa mamia, na hapo ndipo tunapopotea.

Chagueni aina moja ya herufi kwa habari, na nyingine moja, nene, kwa vichwa vya habari. Zisizidi mbili. Zipo herufi zenye vijiguu kwenye ncha zake, kama Times New Roman. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ambalo lilianza kuitumia mwaka 1932, nalo lilitaka herufi zinazosomeka bila kula nafasi. Zipo pia zisizo na vijiguu, kama Arial. Zote mbili zinafaa, na hupatikana katika kompyuta nyingi.

Kompyuta hupima herufi kwa pointi. Pointi 72 ni inchi moja. Kwa habari tumieni pointi 12. Mkishuka hadi 9 ili maneno mengi yaingie, mmewafukuza wazee. Ni heri kupunguza maneno.

Msiandike habari nzima kwa herufi kubwa. Herufi kubwa zina kimo kimoja zote, mstari unakuwa kama ukuta wa matofali, na msomaji huenda polepole. Ziwekeni kwenye kichwa kifupi tu.

Kama karatasi ni ya kubandikwa ukutani, mambo ni mengine. Wachora mabango wana kipimo chao: herufi yenye kimo cha sentimita 2 na nusu husomeka vizuri na mtu aliyesimama kama mita 3. Pimeni umbali wa watu wanaopanga mstari mbele ya ubao wenu, kisha mchague kimo cha herufi za kichwa.

Safu na nafasi tupu

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Mkiacha sentimita 2 kila upande, zinabaki 17. Mstari mmoja wa sentimita 17 kwa herufi za pointi 12 hubeba herufi 80 hadi 90. Huo ni mrefu mno. Jicho likirudi kushoto hupotea na kusoma mstari ule ule mara mbili. Gaweni ukurasa katika safu mbili za sentimita 8, na sentimita 1 tupu katikati. Hapo kila mstari unakuwa na herufi kama 40, na jicho halipotei.

Msiogope nafasi tupu. Wajumbe wengi wakiona pahali peupe husema karatasi inapotea bure. Sivyo. Nafasi kati ya habari na habari ni kama njia kati ya mistari ya chai. Ukipanda mpaka kwenye njia, mchumaji atapita wapi?

Mkiwa na habari nyingi, tumieni karatasi moja ya A3. Ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A4, wala haihitaji pini.

Rangi na picha

Matawi mengi hutoa nakala kwa fotokopi nyeusi, kwa sababu ya rangi ni ghali. Kwa hiyo msichague sura kwa kutazama kioo cha kompyuta. Chagueni kwa kutazama nakala iliyotoka kwenye mashine mtakayoitumia. Njano iliyong'aa kwenye kioo inaweza kufifia mpaka isionekane. Nyekundu inaweza kutoka nyeusi, na maneno meusi juu yake hayasomeki. Kijivu hutoka na madoadoa. Picha yenye giza hugeuka kuwa doa la wino, na nyuso za wenzetu hazitambuliki. Mchoro wa mistari michache hutoka vizuri zaidi.

Mkitaka rangi, nunueni karatasi yenye rangi hafifu na mpige wino mweusi juu yake. Iwe rangi hiyo hiyo kila toleo, ili mtu aijue karatasi ya chama tangu mbali. Isifanane na ile ya matangazo ya kampuni, maana mfanyakazi ataiacha mezani akidhani imetoka kwa meneja. Tena msitenganishe mambo muhimu kwa rangi peke yake, kwa mfano nyekundu kwa wasiolipwa na kijani kwa waliolipwa. Wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Andikeni kwa maneno: "amelipwa", "hajalipwa".

Jina na alama

Kichwa cha gazeti ndicho uso wake. Wenzetu wa Tanzania walikuwa na gazeti la chama cha wafanyakazi lililoitwa Mfanyakazi. Neno moja tu, na kila aliyeliona alijua ni la nani. Nanyi tafuteni jina fupi, liandikwe kwa herufi nene zilizonyooka, na chini yake jina la tawi.

Juu ya alama, tuna somo kutoka nchi ya mbali lakini kwa wafanyakazi kama sisi. Agosti 1980, wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha mji wa Gdańsk, nchini Poland, waligoma. Madai yao yalikuwa 21, na la kwanza lilikuwa kuruhusiwa vyama huru vya wafanyakazi. Waliyaandika kwa mkono juu ya mbao mbili za plaiwudi, kila dai na namba yake, wakazitundika kwenye geti. Hapakuwa na ua wala kivuli. Kila aliyepita aliweza kusoma dai la 1 mpaka la 21. Mwaka 2003 UNESCO iliziingiza mbao hizo katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Wakati wa mgomo huo huo, mchoraji aitwaye Jerzy Janiszewski alitengeneza alama ya wagomaji. Alichukua neno moja, Solidarność, yaani mshikamano, akaliandika kwa herufi nyekundu zilizobanana na kuegemeana kama watu waliosimama bega kwa bega. Juu ya herufi moja aliweka bendera ya nchi yao. Neno hilo likawa jina la chama chao. Chama kilisimamishwa Desemba 1981, kikapigwa marufuku mwaka 1982, lakini watu hawakuisahau alama yake. Mwaka 1989 kilipata tena uhalali.

Tunajifunza nini? Alama ile haikuazimwa. Ilitokana na jambo lenyewe walilokuwa wakilifanya. Na ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu aliweza kuichora ukutani kwa burashi. Ninyi mna panga la miwa, kikapu cha chai, gurudumu la mashine. Chagueni kitu kimoja cha kazi yenu, kichorwe kwa mistari michache, kisha mkitunze.

Kila kitu mahali pake

Mkishachagua sura, msiibadilishe kila mwezi. Tarehe ya mkutano ikae pahali pamoja katika kila toleo, ndani ya kisanduku. Majina ya wajumbe, na pahali wanapopatikana, yakae ukurasa wa mwisho siku zote. Msomaji akishazoea, mkono wake utakwenda wenyewe.

Jaribio kabla ya kuamua

Msipige kura kamatini kwa kutazama kompyuta. Toeni nakala za sura mbili au tatu, kwa fotokopi ile ile mtakayotumia. Mpeni mwenzenu asiye mjumbe, anayetoka zamu ya usiku, hapo hapo getini. Muulizeni maswali matatu: Karatasi hii ni ya nani? Siku ya mwisho ni lini? Ukiwa na shida umwone nani? Mkihesabu polepole hadi 20 kabla hajajibu yote, sura hiyo haifai, hata kama katibu ameipenda. Tena, kwa kuwa wengi leo hupiga picha ya karatasi na kumtumia mwenzao kwa simu, pigeni picha ya ukurasa na muone kama tarehe inasomeka kwenye kioo cha simu ndogo.

Katika tawi letu tulifanya hivyo baada ya kosa lile. Mtu wa kwanza tuliyempa ni mzee wa boila. Sura ya kwanza aliikataa, ya pili aliikataa. Ya tatu, nyeusi tupu, safu mbili, tarehe ndani ya kisanduku juu kulia, aliishika kwa mkono mmoja, akasoma tarehe kwa sauti, akaenda zake kulala. Sura hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo.